Kazi ya majaribio isiyolipwa: uliza kabla hujaigusa

Ukiwa umeomba ajira, na mwajiri akakutumia kazi ya kufanyia nyumbani ili akupime na kukuambia "ni ya saa mbili tu", ijibu kwanza barua pepe yake. Uliza nani ataisoma, itapimwa kwa vigezo gani, waombaji wamebaki wangapi, na je, baada yake kuna usaili mwingine au ni uamuzi. Mwajiri makini hujibu yote kwa aya moja. Anayekwepa swali la vigezo huenda hana, na pasipo vigezo hupita aliyekesha siku tatu, si aliye hodari.

Kisha itazame kazi yenyewe. Jaribio la haki hutumia data ya kubuni, na jibu lako haliifai kampuni kwa lolote baada ya usaili. Ukiombwa mpango wa matangazo wa miezi mitatu kwa bidhaa wanayoiuza leo, hapo unafanyishwa kazi bure. Waambie wazi: "Kazi kama hii mimi huifanya kwa malipo. Ama mnilipe, ama tukae dakika 45 niwaeleze hatua kwa hatua kazi niliyokwisha kuifanya."

Hakimiliki inakulinda kwa sehemu tu. Katika nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne, uliotiwa saini 1886, andiko au mchoro wako unalindwa bila kusajiliwa popote. Wazo lenyewe halilindwi, na hapa ndipo wengi huumia: kampuni inaweza kulichukua na kuliandika upya. Kwa hiyo ukiamua kuuandika mpango ule hata hivyo, andika wiki moja kikamilifu na zilizobaki uziachie vichwa tu. Mchoro utume kwa PDF yenye jina lako katikati ya ukurasa, faili asilia ubaki nalo. Fomu yoyote isome kabla ya kusaini, maana sentensi moja inaweza kuwahamishia haki zako zote.

Ukikubali, saa mbili ziwe mbili kweli: dakika 30 za kusoma, 70 za kutenda, 20 za kuandika ulichoacha na sababu yake. Maelezo hayo huonyesha fikra zako kuliko kipengele cha ziada.

Kwa waandishi wa programu, kosa linaloangusha kazi nzuri ni programu kugoma kwenye kompyuta ya msomaji kwa sababu hukutaja matoleo (versions) ya zana za programu ulizotumia. Kabla ya kutuma, ipakue upya kwenye folda tupu, ufuate maelekezo yako mwenyewe neno kwa neno.