Stata ya volti 24

Julai 2018, msimu wa watalii umepamba moto, Land Cruiser ya mzee mmoja ililala gereji kwetu Unga Limited, Arusha, kwa sababu ya stata, ile mota inayozungusha injini mpaka iwake. Gari ya safari, injini ya dizeli ya 1HZ. Bei za dukani mjini zilimchoma, na zile za bei poa hakuziamini. Akaniambia, "Fundi, wewe si unaagizaga Japani? Niagizie."

Kabla ya kushika simu nilishika mita ya kupimia volti, maana gari ilikuwa na betri mbili na hapo ndipo wengi wanapochemka. Betri mbili zikiungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, gari inabaki ya volti 12, umeongeza tu nguvu ya kuwashia. Ukiunga chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, hapo ndipo unapata 24. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe zilikuwa za 24, na stata zilizotumika zinazouzwa huko zinatoka kwenye gari hizo hizo. Waya mwekundu wa mita niliugusisha kwenye bolti kubwa ya stata, mweusi kwenye bodi: 12.6.

Kisha namba. Namba ya spea ya Toyota huandikwa kwa mafungu mawili ya tano-tano. Zile za mwanzo, 28100, zinakuambia tu kwamba hii ni stata. Za mwisho ndizo zinazotenganisha stata na stata. Kibao cha namba kwenye stata kilikuwa na grisi na vumbi la mbugani, nikakisugua kwa petroli na mswaki mpaka kikasomeka.

Nilimtumia muuzaji wa Japani picha ya kibao na namba ya chesisi, nikamwomba picha ya stata yake ikiwa na karatasi ya tarehe ya siku ile pembeni, nijue kweli anayo mkononi. Picha ilikuja, inasomeka 12V vizuri kabisa, ila karatasi haipo. Nilipaswa kusimama hapo. Lakini mzee alikuwa anapiga simu kila saa.

Kwenye malipo muuzaji akaja na punguzo la asilimia 5, eti nitume kwa PayPal, ile huduma ya malipo ya mtandaoni, kwa njia ya ndugu na marafiki. Pesa ikitumwa hivyo haina ulinzi wa mnunuzi. Kwa PayPal umempa mtu zawadi. Akajaribu pia kunishawishi aandike thamani ndogo kwenye fomu ya forodha. Nilikataa yote mawili. VAT ni asilimia 18, inauma, lakini mzigo ukipotea fidia inafuata thamani iliyoandikwa, na mbele ya forodha mwenye kesi ni mpokeaji. Nililipa kama malipo ya bidhaa, kwa kadi ya Visa ya akaunti ninayoweka pesa ya oda moja tu. Mwizi akiipata namba, atakuta vumbi.

Mzigo ulikuja kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, ile namba ya kufuatilia yenye herufi mbili, tarakimu tisa, kisha JP. Nikauchukua Posta, Mnara wa Saa. Gereji, kijana alishika simu akarekodi kuanzia lebo ya boksi ikiwa haijachanwa, bila kukata, mpaka stata ikawa mezani. Umbo lile lile, meno yale yale. Kibao: 24V.

Ukiifunga stata ya 24 kwenye gari ya 12 itajikokota tu, injini haipati mzunguko wa kuwaka. Kinyume chake ni kuiunguza.

Nilifungua malalamiko siku hiyo hiyo, ingawa PayPal wanatoa siku 180, nikaweka video, picha aliyonitumia na kibao halisi. Muuzaji akawa mpole ghafla: funga malalamiko kwanza, kesho nitakutumia ya volti 12. Hapo ndipo watu wanapoliwa, kwani ukishayafunga hayafunguki tena. Na ukikaa kimya siku 20 bila kuyapandisha ngazi wao waamue, yanajifunga yenyewe. Niliyapandisha siku ya nane. Wakaamua nirudishe mzigo kwa njia yenye namba ya kufuatilia, na nauli ikatoka mfukoni mwangu. Stata ni chuma na shaba. Kwenye mizani ya Posta niliangalia pembeni.

Gari ya mzee haikusubiri. Fundi umeme alibadilisha kaboni na bushi kwenye stata yake ya zamani, ikaingia porini wiki ile ile.

Pesa zilirudi kwenye kadi, zimepungua kidogo kwa sababu benki ilinunua dola kwa bei moja na kuzirudisha kwa nyingine. Mzee alihesabu, akahesabu tena. "Fundi, mbona hazijatimia?" Nikatoa risiti ya nauli ya Posta, ambayo sikuwa nimemdai bado.