Namba Ilibadili Mwenyewe: siku yangu moja kwenye data za wateja

Nikisema kazi yangu ni kupeleka orodha za wateja kwenye mifumo ya matangazo, watu hunitazama kama wamemkamata anayeuza namba zao. Shangazi aliniuliza sebuleni, mbele ya wageni: "Kumbe ni nyie?" Siuzi namba ya mtu. Naomba muione Jumanne yangu ya wiki iliyopita.

Saa 11:30 alfajiri niko macho, saa 12:30 nimesimama kwenye mwendokasi Kimara, saa 2 kasoro niko mezani na chai ya rangi. Kampuni yetu ina maduka ya vitu vya watoto: nguo, maziwa, pampasi, vitanda. Mteja akijiunga na kadi ya pointi anaacha jina na namba ya simu, na kwenye fomu kuna kisanduku cha kuweka tiki kama anakubali kutumiwa matangazo.

Saa 2 mpaka saa 4 nasafisha namba. Mmoja ameandikwa kwa 0, mwingine kwa 255, mwingine hana sifuri kwa sababu Excel imeimeza. Kuna nyakati Excel inaionyesha namba ndefu kama 2.56E+11, na karani akihifadhi faili hivyo kama maandishi matupu (CSV), tarakimu za mwisho zimepotea moja kwa moja. Nikishazilinganisha zote, zinahashiwa kwa kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256: namba inageuka mlolongo wa herufi na tarakimu 64. Upande wa pili, yaani wenye mifumo ya matangazo, nao wana hashi za watumiaji wao, wanalinganisha, na waliolingana ndio wanaoonyeshwa tangazo. Meta, wenye Facebook na Instagram, wanataka 255 bila alama ya kujumlisha. Google wanaitaka alama hiyo. Ukikosea hiyo + moja tu, mlolongo mzima unabadilika na halingani hata mtu mmoja.

Niseme na hili, maana wengi hudhani hashi ni siri kamili. Namba za simu za nchi moja zinahesabika, na mwenye kompyuta nzuri anaweza kuzihashi zote akatafuta yako. Kwa hiyo orodha iliyohashiwa naifungia kabatini sawa na ile yenye namba zenyewe.

Saa 4 meneja wa masoko anataka twende na wateja wote. Wasioweka tiki natoa. Tunabishana hivyo kila wiki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo nilimchapishia nikamwekea mezani. Inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Akasoma, akaguna, akasaini. Wakala wetu wa matangazo naye aliomba nimrushie faili la namba kwa WhatsApp, nikakataa.

Saa 5 na dakika 10 dada wa huduma kwa wateja akaja na simu ameifunika kwa kiganja. "Huyu siwezi, dada. Anataka mtu wa kompyuta."

"Nyie ni akina nani, na huyo mwanamke ni nani?" Ndiyo salamu niliyopewa. Jumapili usiku simu yake iliingia meseji yetu inayomtaja mama fulani kwa jina, inamkaribisha tena, pampasi zimeshuka bei. Aliyeisoma ni mke wake. Wao hawana mtoto mchanga. Mke amefungasha yuko kwa dada yake Mbagala.

Nikamwambia, "Pole sana kaka, nipe dakika chache niangalie." Hakunipa hata moja. Namba yangu mmeinunua kwa nani? Mmelipwa shilingi ngapi? Nilikuwa natafuta huku ananikaripia, na moyoni sikumlaumu. Namba iliingia kwetu 2021, tiki ipo, na mara ya mwisho ilinunua Februari mwaka jana. Nikamuuliza laini ameipata lini. Mwezi wa nne mwaka huu, akasema, kwa kitambulisho cha NIDA na alama ya kidole, na ukipiga *106# utaiona ipo kwa jina langu. Hapo nikaelewa. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu huifunga na kuiuza upya. Namba ilibadili mwenyewe, kadi yetu ikabaki na mama wa zamani.

Nikadhani nikimweleza atatulia. Ndiyo kwanza akataka nimpe taarifa zote za yule mama, anapoishi na anachonunua, amwonyeshe mkewe. Siwezi. "Unamlinda aliyevunja ndoa yangu!" Yule mama hajavunja kitu, amepoteza laini tu, na taarifa zake ni zake hata kama namba si yake tena. Akakata. Akapiga tena. Akakata. Wali wangu ulipoa mezani, na sikumbuki ilikuwa saa ngapi.

Mara ya tatu sauti imeshuka. "Basi nifuteni kabisa, isibaki hata herufi." Na hilo nalo si jepesi. Nikiifuta namba isibaki popote, faili la tawi la Mwanza litakapokuja Ijumaa na kadi ile ile ya zamani, mfumo hautakuwa na cha kuukumbusha kwamba huyu hataki, na atapata meseji nyingine. Ili nisimguse tena lazima nibaki na alama yake. Nikamweleza polepole: jina halipo, manunuzi hayapo, inabaki hashi kwenye orodha ya zuio, na kila faili hupitishwa hapo kwanza kabla ya kutoka. Akanyamaza. "Hiyo nimekubali," akasema.

Kumtoa ndiko kulikokula jioni yote. Kwenye mfumo wa meseji za jumla ni kubonyeza mara moja. Kwa Meta na Google unapeleka faili la kuondoa, nalo linasubiri foleni kama lile la kuongeza. Faili la kwanza likagoma kwa safu moja iliyokaa vibaya. Nikarudia. Shingo inauma, kiyoyozi kimezimwa, mlinzi amepita mara mbili kuuliza kama bado nipo.

Kabla ya kuondoka nikamwandikia barua ya nusu ukurasa yenye nembo: namba hii ilisajiliwa kwetu 2021 na mtu mwingine, yeye hajawahi kuwa mteja wetu, kosa ni letu, tunaomba radhi yeye na mkewe. Sikumtaja yule mama. Meneja akaisaini kwa simu akiwa njiani.

Kwenye mwendokasi, saa 2 usiku na kitu, meseji yake ikaingia: "Nimempelekea. Ameisoma."

Yule mama ana pointi 1,340 na sina namba ya kumpata. Nimeacha ujumbe kwenye kadi yake utakaojitokeza kaunta siku atakayokuja: Namba si yake tena. Muulizeni mpya, na muulizeni upya kama anataka matangazo.