Kutoka sindano kwenda kijiti: vile nilituliza damu ya matone

Nilidungwa Depo kwa miaka, ile sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu, na mwisho hata sikuwa naona mwezi. Nikahamia kijiti cha miaka mitatu, kile kinawekwa chini ya ngozi ya mkono, na damu ikaanza. Si kama ya mwezi. Ni matone, leo kahawia kesho nyekundu, inakauka nasema sasa imeisha, halafu inanipata hapo soko la Kibuye, Kisumu, nimeinama kwa beli ya mitumba na sina hata pedi. Na pedi ni pesa jamani.

Sokoni kila mtu alikuwa na lake. Mmoja ati hiyo ni damu chafu ya sindano ilikuwa imejazana, mwingine ati kijiti kimetembea kitafika kwa moyo. Mimi nikaamua nitasikia kwa sista wa kliniki, na siendi mikono mitupu, kwa hivyo kila jioni naandika kwa simu: matone, nyingi, hakuna. Hiyo rekodi ndiyo ilifanya nisikizwe, juu ukiambia mtu tu "natoka damu sana" atajuaje sana ni ngapi?

Sista alisoma yote polepole. Akauliza kama nina uchungu chini ya tumbo, harufu, damu baada ya kulala na bwana, kama nakunywa dawa ya TB maana kuna zenye hupunguza nguvu ya kijiti. Akanipima mimba. Akanivuta kope la chini kuangalia kama nimepauka, damu ikapimwa, ikapatikana iko chini kidogo. Halafu akashika kidole changu akakiweka mkononi: "Mama, guza, si kijiti kiko tu hapa?" Kilikuwa hapo hapo. Akanieleza homoni hufanya ngozi ya ndani ya tumbo la uzazi iwe nyembamba na mishipa midogo ivuje ovyo, hakuna damu imejazana mahali, na kwa wengi inatulia baada ya miezi ya kwanza, ingawa kuna wenye huendelea.

Alinipatia ibuprofen, ile dawa ya maumivu, miligramu 800 mara tatu kwa siku, siku 5, baada ya kula. Mwenye ako na vidonda vya tumbo aseme mapema asipewe hiyo. Kuna wenye hupewa tembe za kupanga uzazi za kumeza kwa muda lakini lazima presha ipimwe kwanza, usichukue za jirani. Kwa sababu ya damu kuwa chini nikapewa tembe za madini ya chuma, nikaongeza omena na managu, na chai nikaitoa kwa chakula, nakunywa baadaye.

Matone yalikauka, yakarudi kidogo, sasa ni ya mara moja moja na nimebaki na kijiti. Lakini sista aliniambia nikichoka nacho kinatolewa siku yoyote nikitaka, si lazima miaka iishe, na damu ikianza kulowesha pedi moja baada ya nyingine ama nikihisi kizunguzungu nisingojee tarehe ya kliniki, niende hiyo siku.