Siku 84 zikiisha: nilivyorudi kazini bila kumwachisha mtoto ziwa

Likizo ya uzazi kwa sheria ya Tanzania ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Mtoto naye anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, mpaka atimize miezi 6. Piga hesabu. Siku 84 ni wiki 12, na ukiianza likizo wiki mbili kabla ya kujifungua, unarudi ofisini mtoto akiwa na wiki 10 tu. Inabaki zaidi ya miezi mitatu ambayo wengi wetu huiziba kwa maziwa ya kopo au uji mwepesi. Mimi niliiziba kwa kukamua kwa mkono, bila mashine, na naeleza hatua zote kwa sababu kliniki foleni huwa ndefu na maelezo mafupi.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba titi si ndoo. Linatengeneza maziwa kadiri yanavyotolewa, na yakikaa humo kwa muda mrefu linapunguza kutengeneza. Kwa hiyo tunaposema "kazi imenikausha maziwa", kilichokausha si kazi. Ni kukaa kutoka saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni titi limejaa na halijaguswa.

Nilianza kukamua wiki tatu kabla ya kurudi, mara moja kwa siku, kama saa moja baada ya mtoto kunyonya asubuhi, kwa kuwa asubuhi ndipo wengi tunakuwa na maziwa mengi. Siku za mwanzo unaweza kupata mililita 20, yaani ya kufunika kitako cha kikombe tu. Usikate tamaa, mkono unajifunza na titi linazoea. Huhitaji kujaza friza. Unahitaji ya siku ya kwanza kazini na akiba ya siku moja, basi, maana ya kesho yake utayakamua ukiwa kazini. Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hunywa kama mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima, kwa hiyo weka kama mililita 30 kwa kila saa usiyokuwepo. Ukikosekana kwa muda wa saa 10 ni mililita 300. Mimi niliacha 400.

Sasa kukamua kwenyewe. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kitambaa cha uvuguvugu kwenye titi dakika chache, kisha lipapase taratibu kutoka juu kuelekea kwenye chuchu. Kidole gumba kikae juu ya titi na cha shahada chini, kama herufi C, sentimita 3 hadi 4 kutoka chuchuni. Kwanza sukuma vidole nyuma kuelekea kifuani, halafu vibane pamoja, achia, rudia. Kosa la wengi ni kuvuta chuchu au kuteleza vidole juu ya ngozi: maziwa hayako kwenye chuchu, na ngozi itachubuka. Dakika moja au mbili za mwanzo hutoka matone tu. Ghafla titi linawasha kama linachomwa na vijisindano, na matone yanakuwa michirizi miwili mitatu inayogonga ukingo wa kikombe. Hapo ndipo usiache. Michirizi ikipungua, hamia titi la pili, kisha rudi la kwanza, ukizungusha vidole ili kila upande utoke. Yote ni dakika 20 hadi 30.

Kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Andika barua kabla hujarudi, utaje saa unazotaka. Ukisubiri kuombea mlangoni siku ya kwanza, utajibiwa "tutaona". Niligawa hivi: nusu saa saa 4 asubuhi, nusu saa saa 7 mchana, na saa moja ya mwisho ya kuwahi kuondoka. Omba chumba chenye kitasa na kiti, hata stoo. Usikubali chooni, kwa sababu hicho ni chakula cha mtoto.

Maziwa nayahifadhi kwenye vikopo vyenye mfuniko vilivyochemshwa, mililita 60 hadi 100 kila kimoja, na plasta ya karatasi juu yenye tarehe na saa. Kwenye joto la Dar es Salaam usiyaache mezani zaidi ya saa 4. Kwenye deli lenye vipande vya barafu yanakaa hadi saa 24. Kwenye friji siku 4, yakiwekwa ndani kabisa na si mlangoni. Yakitulia yanajigawa, mafuta juu na maji ya samawati chini. Hayajaharibika, zungusha kikopo taratibu yatachanganyika. Kuyapasha, tumbukiza kikopo kwenye bakuli la maji ya moto, usiyabandike kwenye jiko. Yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yanamwagwa, ndiyo maana ya vikopo vidogo.

Dada wa nyumbani anatakiwa afundishwe wiki nzima wewe ukiwepo. Tulitumia kikombe kidogo badala ya chupa, kwa kuwa kikombe ni rahisi kuosha na mtoto hazoei chuchu ya mpira akaja kulikataa ziwa. Mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni tu, ayarambe mwenyewe. Akimiminiwa, anapaliwa. Nilimwambia, "Dada, akigeuza uso ameshiba, mwache," na kwamba maji hapewi hata jua likiwa kali.

Titi likipata uvimbe mgumu, mnyonyeshe mtoto kama kawaida, vaa sidiria isiyobana, na weka kitambaa cha baridi baada ya kunyonyesha. Likiwa jekundu, linauma na una homa, nenda hospitali. Ukichelewa linaweza kuwa jipu. Maziwa yakipungua katikati ya wiki, mnyonyeshe zaidi usiku na mwishoni mwa wiki mlaze kifuani, anyonye kila anapotaka.

Akifika miezi 6 na kuanza chakula, usiache kukamua kwa mkupuo. Punguza awamu moja ya kukamua, kaa siku nne au tano titi lizoee, kisha punguza nyingine. Nilianza na ile ya saa 4.