Bujora leo, jamani!

Ndiyo kwanza naingia nyumbani, vumbi la Kisesa bado liko miguuni.

Shangazi yupo hapa Mwanza kutoka Dar. Kasema Jiwe la Bismarck keshalipiga picha za kutosha, nimtafutie pengine. Haya, daladala ya barabara ya Musoma mpaka Kisesa, bodaboda kidogo, tukashukia Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma.

Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza kazi hapo miaka ya 1950. Kanisa lenyewe limejengwa Kisukuma kabisa, na jengo la watemi lina umbo la kiti cha enzi. (Wasanifu wa siku hizi wakajifunze.)

Ila mimi nilikwama kwenye ngoma.

Kuna moja kubwa, ngozi imewambwa kwa vigingi vya mti. Pembeni manyoya ya ng'ombe bado yapo. Katikati pameisha, panang'aa, pamepigwa hapo!

Mwenyeji wetu akaigonga kwa kifundo cha kidole tu. Nikaisikia kifuani.

Shangazi naye mabega yakaanza. Mama mzima wa kwaya! Mwenyeji akacheka, akatuambia tusikose Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, mwezi wa sita, makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, yanaposhindana kucheza, wengine na chatu shingoni.

Shangazi keshasema tiketi ya kurudi Dar inasogezwa.

Waliowahi kwenda Bulabo, hebu semeni: nyie upande wenu ni Bagika au Bagalu? Na hao chatu, mtu anakaa umbali gani?