Siku yangu moja kazini na namba nasibu ambazo si nasibu

Saa mbili asubuhi. Nafungua seva, simulesheni za Monte Carlo, yaani majaribio ya kompyuta yanayotumia namba nasibu (za kubahatisha), zimemaliza usiku. Ni modeli ya Ising ya pande mbili, yaani gridi ya visumaku vidogo, kila kimoja kinaangalia juu au chini na namba nasibu ndo inaamua kigeuke ama kibaki. Kosa la takwimu dogo sana. Wengi wanaishia hapo, mi ndo kwanza naanza.

Saa tatu nalinganisha nishati na jibu kamili la hesabu, maana mwanafizikia Onsager aliitatua modeli hii 1944 na mwenzake Kaufman akaja na jibu la gridi yenye kikomo 1949. Zinakubaliana. Safi.

Saa nne mwenzangu mgeni kwenye timu anauliza sasa jenereta, ile kanuni inayozalisha namba nasibu, inahusika vipi, si zote zinatoa namba tu? Nikamchorea RANDU, jenereta iliyotumika sana kwenye kompyuta za IBM miaka ya 60 na 70: chukua namba, zidisha kwa 65539, gawanya kwa 2 kipeo cha 31, salio ndo namba yako inayofuata. Ukiziangalia moja moja huoni shida kabisa, ila 65539 ni 2 kipeo cha 16 ukijumlisha 3, kwahiyo kila namba ni mara 6 ya iliyotangulia kutoa mara 9 ya ile ya kabla yake (ukibaki na salio lilelile). Tukazipanga tatu tatu kwenye mchemraba, tukauzungusha kwenye skrini taratibu, ghafla nukta zote zimelala kwenye tabaka 15 na katikati hamna kitu!! Akanyamaza kabisa.

Saa nane baada ya chakula tukaongelea utafiti wa Ferrenberg, Landau na Wong wa 1992. Jenereta ya R250 ilikuwa inasifiwa, wakaitumia kwenye modeli ya Ising na algorithimu ya Wolff (inageuza kundi zima la visumaku kwa pamoja), nishati ikatoka kimakosa, wakati jenereta ya kizamani zaidi ilikaribia jibu. Hili ndo linaniuma watu wakilipuuza: ukiongeza sampuli mara 100 kosa la takwimu linapungua mara 10, lakini upotofu wa jenereta unabaki palepale, tena unazidi kuuamini.

Saa kumi natoa jenereta ya Mersenne Twister naweka nyingine, Philox, kila prosesa na mkondo wake wa namba ili zisirudie namba zilezile.

Saa kumi na mbili naandika kwenye ripoti jina la jenereta na mbegu (namba ya kuanzia), narusha kazi upya, kesho nalinganisha.