Silenbloku za difu, na kipumulio kilichoziba

Saa kumi na moja alfajiri Majengo, mtaa wetu hapa Goma, bado iko kimya. Pikipiki hazijaanza, machukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, hayajashuka, kwa hiyo chochote kinachougua ndani ya gari utakisikia. Saa hiyo ndiyo ninatoka kwenda Kituku, kando ya ziwa, kuchukua sambaza, wale samaki wadogo. Wiki tatu mfululizo, kila nilipotoka getini kinyumenyume na kuweka gia ya mbele, kitu kiligonga chini ya kiti cha nyuma: kong! Mara moja tu, halafu kimya. Nikiachia mafuta kwenye mteremko, kong. Nikikanyaga tena, kong nyingine, na beseni za samaki zinatikisika.

Gari langu ni RAV4, ile inayovuta magurudumu yote manne. Nililipeleka garaji. Fundi alilisikiliza likiwa limesimama, akasema difu, lile sanduku la gia linalogawia magurudumu ya nyuma nguvu, imekufa, ninunue nyingine ya mtumba, dola 350 bila kazi. Hakuinama hata kuchungulia. Hilo liliniuma kuliko bei, ingawa dola 350 ni mtaji wangu wa siku nyingi. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Butembo, na tangu nikiwa msichana mdogo alinizoesha jambo moja: ukisikia mlio, lala chini ya gari kwanza, mwite mtu baadaye.

Jumapili baada ya misa nikavaa koti lake la kazi, nikaingia chini na tochi na mtaimbo. Difu, ambayo mafundi wetu wengi wanaiita ponti, haifungwi chuma kwa chuma. Inashikwa na mikono ya chuma, na kila mkono una silenbloku, wanazoita bushi wenzetu wa Nairobi na Dar: bomba dogo ndani, bomba kubwa nje, na raba katikati. Unapoondoka, kardani, ile nguzo ndefu inayoleta nguvu kutoka mbele, inaizungusha difu kwa nguvu na pua yake inataka kuinuka. Raba ndiyo inayoizuia. Nilipotia mtaimbo na kusukuma kidogo tu, difu ilipanda upana wa vidole viwili, ikagonga fremu. Kong. Mlio wangu ule ule, sasa uko mkononi mwangu.

Difu yenye meno yaliyokwisha kwa kawaida hulia mfululizo, na sauti hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Yangu haikuwa na sauti hiyo hata kidogo. Silenbloku mbili za mbele zilikuwa zimepasuka mpaka mwanga wa tochi unapita, na raba imekuwa laini na kunata kama ubani uliotafunwa. Ulaini huo nikauweka akilini. Raba iliyozeeka kwa miaka hukauka na kukatika. Hii ilikuwa imelowa oili.

Sokoni Birere nilipata silenbloku mpya, dola 15 kila moja. Kwa mchomeleaji jirani na duka nikanunua chuma cha nusu mita chenye uzi wa nati tangu mwanzo hadi mwisho, nati nne nene, na vipande viwili vya bomba: kimoja kipana kuliko silenbloku, kingine chembamba kidogo kuliko ganda lake la nje. Hiyo ndiyo mashine yangu ya kusukumia.

Sasa kuinua gari. Ua wetu uko juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002, na hapa ninawaomba ndugu zangu wa Goma mnisikilize vizuri. Msiweke jiwe la lava chini ya gari. Linaonekana gumu, tunajengea nyumba, lakini limejaa matundu ndani, na uzito ukilielemea sehemu moja linaweza kupasuka bila kukuonya. Nilitandika mbao nene za mkaratusi, kriki, yaani jeki, ikakaa juu yake, kisha gari likashushwa juu ya stendi mbili za chuma za kuazima. Magurudumu ya mbele yakazibwa mbele na nyuma. Mtoto wa dada yangu akalisukuma kwa bega kabla sijaingia.

“Mama mdogo, halitikisiki,” akasema. Nikamwambia asukume tena.

Kriki ya pili ikashika tumbo la difu. Kabla ya kufungua kardani nilipaka rangi ya kucha nyekundu, mstari mmoja ukipita juu ya sahani zote mbili, ya kardani na ya difu, ili irudi ilivyokuwa. Ukiigeuza unaweza kuleta mtetemo ambao haukuwepo. Bulo nne, yaani bolti, zikatoka kwa ufunguo wa 14. Mkono wa chuma nao ukafunguka, nikauweka juu ya gunia.

Silenbloku ya kwanza ilitoka kwa jasho la kawaida: bomba pana upande mmoja, jembamba upande wa pili, chuma cha uzi katikati, unakaza nati mpaka inasogea. Ya pili ilikataa. Nikakaza mpaka chuma kikapinda. Wengine huchoma raba kwa moto, lakini moshi wake ni mbaya, na uani kwangu kuna watoto. Nikatoboa raba kwa drili kidogo kidogo mpaka ikatoka, nikapitisha jino la msumeno wa chuma ndani ya ganda na kulikata polepole. Hapo mkono lazima uwe mwepesi. Unakata ganda, hukati nyumba yake. Kila nikikata kidogo nilisimama, nikafuta, nikamulika. Ganda lilipobaki jembamba kama karatasi nilipiga tindo mara mbili, likajikunja, likaanguka lenyewe.

Silenbloku hizi zina nafasi mbili tupu ndani ya raba, na nafasi hizo zina mwelekeo. Zikiingia vibaya, mahali panapotakiwa kuwa pagumu panakuwa laini. Kwa hiyo kabla ya kutoa za zamani nilikwaruza alama kwenye mkono wa chuma kwa msumari. Zile mpya zililala usiku kucha ndani ya konjelateri, friji yangu ya kugandisha, katikati ya sambaza, zimefungwa mifuko miwili. Chuma kikipoa hunywea, unywele tu, lakini unywele huo unasaidia. Asubuhi nikasugua nyumba zao kwa msasa, nikapaka maji ya sabuni. Si grisi, kwa sababu mafuta hula raba. Ziliingia kwa nati ile ile, zimenyooka.

Nikarudisha kila kitu, bulo zikaingizwa kwa mkono, na kukaza kwa mwisho nikafanya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya mbao, ili raba ikae katika hali yake bila kujinyonga.

Ilibaki ile oili. Juu ya difu kuna kipumulio kidogo cha chuma, kinachotoa hewa difu inapopata joto. Changu kilikuwa kimezibwa kabisa na vumbi letu jeusi lililoganda na matope. Hewa ikikosa njia hutafuta njia nyingine: ilisukuma oili kupitia sili ya mbele, ile pete ya raba inayozuia oili pale kardani inapoingia, ikadondokea silenbloku miezi na miezi. Kama ningebadilisha raba peke yake, hizi mpya zingekufa vilevile. Nikabadilisha sili wakati kardani bado imefunguka, nikakifua kipumulio kwa petroli mpaka kikazunguka. Kisha oili mpya, 80W-90. Tapa, yaani kizibo, ya juu, ya kujazia, ifungueni kwanza kabla ya ya chini. Ikikataa wakati difu ni tupu, gari halitoki hapo. Nikajaza mpaka oili ikaanza kudondoka kwenye mdomo wa tundu.

Jumanne alfajiri nilitoka getini kinyumenyume, nikaweka gia ya mbele. Nikasubiri. Nikasikia changarawe tu chini ya tairi. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, mara tatu, mpaka mlinzi wa jirani akaniuliza kama nimesahau kitu.

Silenbloku ya nyuma bado ni ile ya zamani. Ina nyufa nyembamba lakini ni kavu, na difu haichezi upande huo. Nimekwisha kuinunua nyingine. Iko kwenye konjelateri, chini ya samaki, inangoja Jumapili yenye jua.